Jeneza Lipo Sebuleni, Dada Bado Hajapimwa

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako upesi, kabla mmoja wetu hapa nyumbani hajaingia kwenye lile sanduku kabla ya siku yake, maana kwetu siku hizi hakusemeki wala hakukaliki, na wewe nakusoma kila wiki nikinywa chai, najua ulimi wako hauna mfupa, lakini nadhani kwangu utaupunguza makali kwa sababu mimi siyo kama hao wanaokuandikia habari za wanaume na michepuko, mimi tatizo langu ni la kiroho.

Mimi ni fundi cherehani, huu mwaka wa thelathini na moja, nina chumba changu cha kushonea mbele ya nyumba, cherehani mbili, meza ndefu ya kukatia, kioo kirefu na wateja wanaojua nguo ni nini. Mume wangu ni fundi wa mafriji. Watoto wameshaoa na kuolewa, wako kwao. Ndugu niliyebaki naye ni dada mmoja tu, amenizidi miaka tisa, alikuwa mwalimu wa hesabu mpaka alipostaafu, na huyo dada anaumwa, tena anaumwa ule ugonjwa ambao daktari akikuita pembeni anavua miwani kwanza, na mara ya mwisho ametuambia tuhesabu wiki, tusihesabu miezi. Nakueleza mapema usije ukasema nilikuficha, lakini siyo hilo ninaloliandikia.

Ninaloliandikia lilianza wiki ile ile tulipopata majibu ya dada, mteja wangu mmoja aliponichukua kwenda semina ya siku tatu, kwenye ukumbi ulio juu ya duka la rangi, semina ya kujiandaa na kifo, na mkufunzi wake sisi wanafunzi tunamwita Mwalimu Pumzi, kwa sababu ukimuuliza swali lolote anakuambia kwanza uvute pumzi. Alitufundisha kwamba binadamu hakui kiroho kwa sababu anaogopa kufa, na anayefanya urafiki na kifo anakuwa huru, na kwamba mwili ni nguo tu, unavaa, unavua. Mimi fundi wa nguo, mshauri, neno hilo liliniingia mpaka kwenye mifupa.

Tangu hapo nimebadilika, na nasema hivi bila kujisifu. Kila asubuhi nalala chali juu ya meza ya kukatia, mikono kifuani, macho nimefumba, dakika kumi kamili, nasema polepole "mimi ni mpita njia", na ni kweli kwamba mama mmoja aliyekuja kuchukua gauni la harusi ya binti yake alinikuta hivyo akapiga ukelele uliotoa watu kwenye maduka matatu, lakini hiyo ni hofu yake, siyo yangu. Nimeandika wasifu wangu utakaosomwa siku ya mazishi, kurasa nne, nikamwomba mume wangu anisomee kwa sauti nijue utachukua muda gani, na alipofika pale penye "alikuwa mke mwenye subira" akainama mabega yakitikisika, nikamsahihisha kwamba kilio nimekiweka ukurasa wa tatu, siyo wa kwanza, kumbe mwenzangu anacheka. Nimejitenga na vitu vya dunia, nimegawa vingi, redio, baiskeli, kile kiti cha kuegemea, na mume wangu akalalamika eti vyote vilikuwa vyake, nikamuuliza, vyako mpaka lini?

Na nimeagiza jeneza. Seremala alikuja mwenyewe kunipima, nikasimama wima mbele ya kioo, akanipitishia tepu kutoka utosini mpaka kisiginoni, kisha mabegani, akauliza aongeze inchi mbili za nafasi, nikamwambia ongeza tatu, na nikasikia amani ambayo sijawahi kuisikia maishani. Sasa lipo sebuleni, mbao nzuri, vishikio vya shaba. Kwa muda huu limejaa vitambaa vya wateja kwa sababu kabati langu ni dogo, na wageni wanaweka vikombe juu yake, jambo ambalo nimelikataza kwa sababu vinaacha alama.

Tatizo ni mume wangu. Huyu mtu anaogopa kifo waziwazi, hana hata aibu. Neno jeneza hawezi kulitamka, anasema "lile kabati", na akipita sebuleni anatazama ukuta. Jirani alipofariki yeye alisimama nje getini mpaka tukamaliza. Na mtu huyo huyo ndiye anayenipa mimi mawaidha, wimbo wake asubuhi na jioni ni mmoja, nenda kamwone dada yako, nenda kamwone dada yako. Yeye anakwenda kila Jumamosi na siku nyingine hata katikati ya wiki, kisingizio friji, maana friji la dada lilikuwa haligandishi, akalitengeneza, sasa linagandisha vizuri kabisa lakini bado anakwenda, kwa sababu dada hawezi kula tena, anachoweza ni kumumunya barafu, na ni huyo shemeji yake anayeivunja ndani ya taulo na kumpa kipande kimoja kimoja kwa kijiko. Akirudi anakaa jikoni macho mekundu, hata chai anasahau kuinywa. Nimemwambia, unaona sasa, hayo ndiyo malipo ya kutojiandaa.

Sasa nifike kwenye kilichonichoma. Dada alimtuma binti yake, ambaye mimi ni mama yake mdogo, aniletee kitambaa, cha bluu chenye nukta nyeupe, pamba tupu, alikwenda kukichagua mwenyewe dukani wakati bado anatembea, anataka nimshonee gauni atakalozikwa nalo, na ujumbe ulikuwa kwamba niende nikampime. Mimi na jambo lenyewe sina ugomvi, nimeshakuambia nimejiandaa, ila dada ndiye mteja wangu wa kwanza tangu naanza kazi, vipimo vyake ninavyo kwenye daftari, nilivichukua miaka sita iliyopita nilipomshonea gauni la mahafali ya huyo huyo binti, kifua arobaini na nne, kiuno arobaini, nyonga arobaini na nane, basi kuna haja gani ya kwenda kumsumbua mgonjwa? Nikafungua daftari, nikakata, nikashona, kola ndogo, mikono yenye marinda begani kama anavyopenda, siku mbili, na sikutoa chozi hata moja, waulize wateja. Ni gauni zuri kuliko yote niliyowahi kushona. Nikampa binti apeleke.

Likarudi. Miaka thelathini na moja, mshauri, hakuna nguo yangu iliyowahi kurudi. Binti anasema mama yake alilivaa akiwa amekaa kitandani, likamzunguka, akachukua mto akauingiza humo ndani na yeye yumo, na nafasi ikabaki, akacheka mpaka pumzi ikamkatika, wakamlaza. Alipopata sauti akanitumia neno: "Mwambie mama yako mdogo gauni ni zuri, ila ni la mtu mwingine. Aje anipime."

Nikamwambia binti achukue tepu ampime yeye, halafu anisomee namba kwenye simu, kazi ya dakika tano. Kesho yake akapiga. "Amekataa, mama mdogo. Anasema yeye hajawahi kushonewa kwa simu."

Kwa maoni yangu dada hajaikubali hali yake, maana mtu aliyekubali hahangaiki na kiuno. Nilimweleza mume wangu hivyo, akachukua taulo lake akaondoka.

Nikuambie na jambo ambalo yeye analijua nusu tu, kwa kuwa nimejifunza ukweli ni sehemu ya kukua. Nilikwenda. Alhamisi moja nilitia tepu kwenye mkoba nikaenda mpaka uani kwa dada, dirisha la chumba chake linatazama huko, pazia lilikuwa limefunguliwa, nikamwona kabla yeye hajaniona, alikuwa anainua kikombe kidogo cha bati, kwa mikono miwili, na kikombe kinamshinda, na ile mikono, mshauri, mimi naijua ile mikono, mama yetu alipofariki nilikuwa na miaka minane, wakanipeleka kwa jirani nikacheze, wakaniambia mama amesafiri, nikacheza siku nne, na niliporudi hata kitanda chake hakikuwepo, nikauliza kitanda nacho kimesafiri? dada ndiye aliyenibeba siku ile, ana miaka kumi na saba, na ndiye aliyenilea, sare yangu ya kwanza ya shule aliishona kwa mkono, alinipima kwa kamba akifunga fundo kila mahali kwa sababu tepu hatukuwa nayo. Basi nikageuka. Mume wangu nilimwambia nimemkuta dada amelala. Nikaenda moja kwa moja kwenye meza yangu nikalala, mimi ni mpita njia, mimi ni mpita njia, dakika kumi zikawa saa nzima na amani haikuja. Mwalimu Pumzi nilipomsimulia alisema nimefanya vyema sana, nimekataa kushikamana na umbo linalopita, nivute pumzi.

Swali langu basi ni hili: nimfanyeje mume ambaye hajakua kiroho na ananirudisha nyuma, na je, ni vibaya nikimpunguzia dada lile gauni kwa kukadiria tu nikalipeleka? Nimekuandikia na namba ya simu hapo chini. Usichelewe kujibu, kwa sababu kama nilivyosema, ni wiki.

Wako, Niliyekwisha Jiandaa

JIBU

Ndugu yangu Uliyekwisha Jiandaa,

Hongera. Kwa miaka yote niliyokaa kwenye safu hii nimeandikiwa na waliojifanya matajiri, waliojifanya wachumba, hata mmoja aliyejifanya daktari wa meno, lakini aliyejifanya marehemu ni wewe wa kwanza. Na kazi umeifanya kwa ufundi, jeneza, wasifu, mazoezi ya kulala chali, mpaka na mahali pa kilio umewapangia watu ukurasa. Umejiandaa kwa kila msiba isipokuwa huo mmoja uliokuja kukubishia mlango.

Swali lako la mume nitalijibu kwanza kwa sababu ni rahisi. Usimfanye chochote. Mwache hivyo hivyo alivyo. Unasema anaogopa kifo, na mimi nakuamini, mtu anayetazama ukuta akipita sebuleni kwake anaogopa kweli. Sasa nieleze, huyo mwoga ndiye aliyekaa kando ya kitanda cha dada yako na kijiko mkononi, na wewe rafiki wa kifo, mtu huru, ulifika dirishani ukatoka mbio. Nani amekua hapo? Nyani haoni kundule, ndugu yangu, lakini wewe umezidi, wewe umelifunika na kitambaa ukasema mwenzako ndiye analo.

Kabla sijaingia gazetini nilikuwa muuguzi, miaka ishirini na sita, mingi wodi ya wasiorudi nyumbani. Nimewafumba macho watu wengi kuliko magauni uliyotia vifungo mwaka jana. Wengine walikuwa wacha Mungu, wengine hata Mungu walikuwa hawasemezani naye. Na nakuapia, hakuna hata mmoja aliyenishika mkono akaniuliza, "Muuguzi, yule mdogo wangu amefikia hatua gani kiroho?" Wote waliuliza neno moja, tena wakitazama mlango. Amekuja?

Halafu huyo mwalimu wako. Mwili ni nguo tu. Haya, tuseme ni nguo tu. Toka lini wewe ukadharau nguo? Mtu akikuletea gauni lililochakaa, limelegea mishono, limekwisha rangi, unalitazama dirishani ukakimbia? Si unalichukua mikononi, unaligeuza, unaingiza vidole kwenye matundu uone palipochanika? Una miaka thelathini na moja ya kufundishwa na cherehani yako mwenyewe namna ya kushika kitu kinachoisha, ukaenda kukaa juu ya duka la rangi kufundishwa namna ya kutokishika. Huyo Pumzi nina neno moja tu kwake, nalo gazeti hili haliwezi kulichapa.

Usinielewe vibaya. Kukumbuka kwamba tutakufa ni jambo jema, na wengi wetu lingetusaidia. Nimeona watu kitandani pale, baada ya kuambiwa, wanasamehe kesi za miaka, wanaanza kusali kwa maneno yao wenyewe badala ya yale ya kukariri, wanawaambia watoto wao neno ambalo halikuwahi kutoka. Kifo kikitazamwa usoni kinamsogeza mtu kwa wenzake. Hicho ndicho kipimo changu, sina kingine. Wewe kimekusogeza wapi? Kimekupandisha mezani, macho umefumba. Kimekufanya ugawe baiskeli ya mumeo. Mtu akisema amekua na hakuna hata mmoja aliyefaidi kukua kwake, basi ajipime tena, tena asitumie daftari la zamani.

Na hapo nafika kwenye lile daftari. Arobaini na nne, arobaini, arobaini na nane. Wewe ni fundi mzuri, usinifanye mtoto. Fundi mzuri hashoni kwa vipimo vya miaka sita hata kama mteja ni mzima wa afya. Ulijua. Ulilishona gauni la dada yako yule wa mahafali, mnene, anayecheka, aliyesimama mbele ya kioo chako, kwa sababu maadamu gauni linamtosha yule, yule yupo. Ndiyo maana hukulia siku zile mbili. Ulikuwa naye. Dada yako alikuelewa, mwalimu wa hesabu yule, hesabu ikikosewa hapigi kelele, anakurudishia daftari ufanye upya.

Sasa sitakutania kwa hili linalofuata. Mtoto wa miaka minane aliyechezeshwa siku nne ili asimwone mama yake alifanyiwa kosa, na waliolifanya walidhani wanamhurumia. Kile kitanda kilichoondoka hakijarudi mpaka leo, kila ukisikia mgonjwa wewe unakwenda kwa jirani kucheza. Safari hii umecheza mchezo wa jeneza. Pole sana, mdogo wangu, nasema kutoka moyoni, ningekuwepo siku ile ningekushika mkono nikakuingiza chumbani. Lakini sasa umezidi hamsini, wewe mwenyewe ni bibi wa watu, na hakuna aliyekufungia mlango. Umeufunga mwenyewe. Na ndani yuko yule yule aliyekubeba siku ile, anakusubiri wewe umtoe kwenye upweke, na kwa kuwa anakujua moyo wako ulivyo, hakukuita uje kumuaga, maana angekuita hivyo usingekuja. Amekuitia kazi. Amekutafutia sababu ya kuja na kitu cha kushika mkononi. Mtu anayehesabiwa wiki bado anakulea, na wewe unaniandikia kwamba hajaikubali hali yake.

Kwa kawaida sipigi simu. Barua hii ilikaa siku tano kwenye sanduku letu kabla haijanifikia, kwa hiyo nilipiga ile namba mara moja, sikungoja kiwanda cha uchapaji. Akapokea mume. Akaniambia umelala mezani na dakika zako kumi hazijaisha. Nikamuuliza kuhusu shemeji yake, akasema yupo, ila siku hizi barafu hata kumumunya inamchosha, anamlowesha midomo tu. Halafu akasema jana dada yako alimuuliza kitu. "Fundi amefika wapi?" Naye akamwambia yuko njiani.

Nimemwomba radhi mumeo kwa kumfanya mjumbe, lakini jibu hili limekuja kwanza kwenye simu yake, na nimemwagiza akusomee kwa sauti hapo hapo mezani. Gazetini litatoka baadaye, kwa faida ya wengine. Kama umeanza kulia usimsahihishe ukurasa.

Haya, shuka mezani.

Jeneza lisikutie wasiwasi, libaki lilipo, vitambaa vinahitaji pa kukaa, na mumeo kwa kuliita kabati ndiye pekee nyumbani humo aliyelipa jina lake. Wasifu utie humo chini kabisa. Redio ya mumeo kairudishe. Semina basi.

Chukua tepu, kalamu, pini na lile gauni. Daftari liache. Usipitie sokoni, usipitie kwa mtu, na ukifika usiende uani, pita mlango wa mbele mumeo akiwa nyuma yako, nimemwambia asimame hapo hapo hata kama naye anaogopa, kuogopa kwake hakujawahi kumzuia. Ukiingia usimwambie dada habari za mpita njia. Usimwambie avute pumzi, amebakiwa nazo chache, azitumie anavyotaka. Mwamkie kama unavyomwamkia siku zote, keti kitandani, siyo kwenye kiti. Akikutania kuhusu mto, cheka. Akikuuliza ulikuwa wapi, mwambie uliogopa. Neno hilo halijapatikana popote katika barua yako ndefu, na ndilo alilolingoja tangu ukiwa na miaka minane.

Nikupe na siri ya kazi yangu, kwa kuwa nimewavalisha wengi. Gauni la namna hiyo liache wazi nyuma mgongo mzima, utie kamba za kufunga, usitie zipu. Mikono ifanye mipana, ile mikono yenye marinda begani itawatesa watakaomvalisha, na kama una moyo, mmoja wao uwe wewe. Kola ibaki, kola ni nzuri.

Mpime akiwa amekaa, mwegemeze kwenye mito. Anza na urefu wa mkono, ushike ule mkono, uone haujaacha kuwa wa kwake. Halafu bega. Kifua utapima bila taabu. Kiuno ndicho kigumu, kwa sababu mtu aliyekaa kitandani huwezi kumpima kiuno ukiwa mbali naye, lazima uiname, upitishe mkono mmoja nyuma ya mgongo wake, na wa pili uje uupokee huko nyuma, na shavu lako litaegemea begani kwake. Ukifika hapo, usiharakishe kusoma namba.